Alamisho za pamoja katika maandalizi ya masomo: maswali ambayo walimu huuliza mara kwa mara

Majibu haya ni ya walimu wa msingi na sekondari, hasa wa Tanzania na Kenya, wanaotafuta vifaa vya kufundishia mtandaoni na kuvipoteza baada ya wiki mbili. Mifano mingi imetoka kwenye Fizikia ya sekondari, lakini utaratibu ni uleule kwa Historia, Kiswahili au Hisabati ya darasa la tano.

Alamisho za pamoja ni kitu gani hasa?

Ni orodha ya viungo inayokaa mtandaoni badala ya kukaa ndani ya kivinjari cha kompyuta moja. Kila aliyeruhusiwa anaiona, anaiongeza na kutafuta ndani yake kwa kutumia lebo, yaani maneno mafupi yanayobandikwa kwenye kila kiungo. Ile nyota unayobofya kwenye Chrome huweka alamisho kwenye akaunti yako peke yako, tena ndani ya folda, na folda ina kasoro moja kubwa: kitu hukaa mahali pamoja tu. Video ya saketi inamfaa mwalimu wa Fizikia wa kidato cha pili, inafaa marudio ya kidato cha nne, na mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi naye anaihitaji. Ukitumia folda lazima uchague nani aipate. Ukitumia lebo unabandika tatu, na kila mmoja anaikuta kwa njia yake.

Mtindo huu ulianza kushika kasi mwaka 2003, Joshua Schachter alipoanzisha tovuti ya Delicious huko Marekani. Hakukuwa na mkutubi wa kupanga viungo. Kila mtumiaji alibandika lebo kwa maneno aliyoyataka. Uhuru huo ndio uliofanya chombo kipendwe, na ndio unaoharibu orodha za walimu wengi hadi leo. Swali la lebo hapa chini ndilo refu kuliko yote kwa sababu hiyo.

Tuna kikundi cha WhatsApp cha idara. Hakitoshi?

Kwa kupashana habari kinatosha. Kwa kuhifadhi hakitoshi. Jaribu leo kutafuta kiungo cha osmosisi kilichotumwa muhula uliopita: ukiandika "osmosisi" hupati kitu, kwa sababu aliyekituma aliandika "Wakuu, hii imekaa vizuri sana" na chini yake kiungo kilichofupishwa. Mwalimu mpya akiingizwa kwenye kikundi haoni yaliyotumwa miezi iliyopita. Simu ikiharibika bila chelezo, yote yamekwenda. Mali bila daftari hupotea bila habari, na WhatsApp si daftari.

Msikiache kikundi. Wekeni kiungo cha mkusanyiko wa idara, yaani orodha yenu ya alamisho, kwenye maelezo ya kikundi, pale juu panapoonekana na kila mtu, na mkubaliane kwamba kiungo kizuri huhifadhiwa kwanza ndipo kitumwe.

Tuchague chombo gani?

Kabla ya kutazama uzuri wa chombo, tazama mlango wake wa kutokea. Delicious ilinunuliwa na Yahoo mwaka 2005, ikapita mikono kadhaa, na mwaka 2017 ikaishia kwa Pinboard na kufungwa isipokee alamisho mpya. Google Bookmarks ilifungwa mwaka 2021. Pocket, iliyokuwa chini ya Mozilla tangu 2017, ilisimamishwa tarehe 8 Julai 2025. Vyote hivyo vilikuwa na watumiaji wengi na majina makubwa. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: je, kinaniruhusu kutoa alamisho zangu zote, pamoja na lebo, kwenye faili moja? Kama jibu halionekani kwenye mipangilio ndani ya dakika tano, kiache.

Kwa idara ya shule, pa kuanzia pazuri ni Raindrop.io. Mpango wa bure hauwekei kikomo idadi ya alamisho wala mikusanyiko, kinafanya kazi kwenye kompyuta na simu, na kinatoa alamisho zote kwa faili la HTML (la kivinjari) au CSV (la jedwali). Vinavyolipiwa ni vitu kama kutafuta ndani ya maandishi yote ya kurasa, kuhifadhi nakala ya kudumu ya ukurasa, na kusaka viungo vilivyokufa. Idara inaweza kuishi bila hivyo, na hapa chini kuna njia za mkono za kufanya kazi hiyohiyo.

Diigo ni bora pale mnapotaka kuangazia maandishi ndani ya ukurasa na kuacha vijikaratasi vya maelezo juu yake, kwa mfano walimu wa Historia wanaosoma makala moja ndefu pamoja. Mpango wake wa bure ni finyu zaidi. Wakelet hupendeza kwa orodha fupi ya kuwapa wanafunzi, ila ni dhaifu kwa utafutaji wa lebo. Pinterest iachieni mapambo ya darasa la awali; humo picha huonekana kuliko chanzo chake, na mara nyingi ukibofya unafika kwenye ukurasa usiohusiana.

Chagueni kimoja. Idara yenye vyombo viwili haina hata kimoja.

Tunaanzaje?

Fungueni akaunti kwa barua pepe ya idara, si ya mwalimu mmoja. Akaunti hiyo ndiyo mmiliki wa mkusanyiko; mkuu wa idara na mwalimu mwingine mmoja ndio wenye nenosiri lake. Kisha kila mwalimu afungue akaunti yake na aalikwe kwenye mkusanyiko kama mwenye ruhusa ya kuhariri. Anayetaka kuona tu, kwa mfano mwalimu wa taaluma, apewe ruhusa ya kutazama.

Tengenezeni mkusanyiko mmoja kwa kila somo, basi. Msitengeneze mkusanyiko kwa kila mada, kwa sababu mtarudi kwenye tatizo la folda.

Kwenye kompyuta, sakinisheni kiendelezi cha chombo, yaani programu ndogo inayoongezwa ndani ya kivinjari. Kitufe kitatokea juu kulia. Kwenye simu za Android, Chrome haipokei viendelezi, na hapo ndipo walimu wengi hukwama wakidhani chombo hakifanyi kazi. Sakinisha programu yenyewe kutoka Play Store, halafu ukiwa kwenye ukurasa gusa nukta tatu, gusa Shiriki, kisha chagua jina la programu. Ikiwa kompyuta ni ya maabara inayotumiwa na wanafunzi, usiache akaunti wazi: tumia dirisha fiche (Incognito) na ulifunge ukimaliza.

Siku ya kwanza hifadhini viungo 10 tu kwa pamoja, mkiwa mmekaa meza moja, mkibishana kuhusu lebo. Usihamishie humo alamisho 800 za zamani za kivinjari chako. Zitaingia bila lebo wala maelezo, na mkusanyiko utakuwa stoo tangu siku ya kwanza.

Viungo 10 hivyo vitoke wapi?

Anzeni na vya mtaala wenyewe: vitabu na mihtasari kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, taarifa za NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) zinazochambua jinsi watahiniwa walivyojibu kila swali, na kwa Kenya maudhui ya KICD (taasisi ya kukuza mitaala) yaliyo kwenye Kenya Education Cloud. Taarifa za NECTA hazithaminiwi inavyostahili. Zinaonyesha jibu baya halisi la mtahiniwa na kueleza kosa liko wapi, na hicho ndicho unachohitaji unapoandika sehemu ya utangulizi wa somo.

Kisha simulesheni (majaribio ya kuigiza kwenye kompyuta) za PhET za Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ambazo baadhi zimetafsiriwa kwa Kiswahili. Kwa madarasa ya chini, African Storybook ina hadithi za Kiswahili zenye leseni huru. Wikipedia ya Kiswahili inafaa kwa istilahi na majina, lakini makala nyingi ni fupi mno kubeba kipindi.

Lebo zipangwe vipi?

Hapa ndipo orodha hufa au hupona. Walimu sita wakiachwa waandike wanavyotaka, baada ya mwezi mtakuwa na "Fizikia", "fizikia", "physics", "phy" na "FIZ", na anayetafuta moja atakosa nne. Kubalianeni mapema kwamba kila alamisho ina nafasi tano za kujazwa, kwa mpangilio huu: somo, ngazi, mada, aina ya kifaa, na hali ya matumizi. Kwa mfano:

fiz, k2, saketi, simulesheni, bila-mtandao

Somo ni herufi tatu. Ngazi ni herufi na tarakimu: d5 kwa darasa la tano, k2 kwa kidato cha pili, g7 kwa gredi ya 7. Aina ya kifaa ichaguliwe kwenye orodha fupi msiyoiongeza ovyo: video, simulesheni, zoezi, mtihani, usomaji, picha, jaribio. Hali ya matumizi inasema kama kifaa kinaweza kupakuliwa (bila-mtandao), kinahitaji intaneti darasani (mtandao), au kinahitaji kuchapishwa (chapa).

Mada iandikwe kwa neno lilelile lililo kwenye muhtasari wa somo, na kwa lugha ya muhtasari huo. Muhtasari ukiwa wa Kiingereza, kama ulivyo kwa masomo mengi ya sekondari, lebo ya mada iwe ya Kiingereza hata kama maelezo mnayaandika kwa Kiswahili. Tafsiri ya papo kwa papo ndiyo inayozaa lebo tatu za kitu kimoja: mmoja ataandika "mkondo", mwingine "umeme-mkondo", wa tatu "karenti". Mfano wetu wa "saketi" unadhania somo linalofundishwa kwa Kiswahili.

Sheria za uandishi ni chache. Herufi ndogo tupu. Umoja, si wingi, yaani "zoezi" na si "mazoezi". Hakuna nafasi ndani ya lebo: baadhi ya vyombo huichukulia nafasi kama mwisho wa lebo, na "bila mtandao" itageuka lebo mbili zisizo na maana. Tumieni kistari. Lebo zikizidi sita kwa alamisho moja, aliyehifadhi hakuamua kifaa ni cha nini.

Kosa moja huonekana kama ujanja: kuunganisha vyote kuwa lebo moja, "fiz-k2-saketi". Msifanye hivyo. Mitaala hubadilika na mada huhama madarasa. Tanzania ilianza kutekeleza mtaala ulioboreshwa mwaka 2024, na Kenya inamalizana na mfumo wa 8-4-4, ambao watahiniwa wake wa mwisho wa KCSE (mtihani wa kumaliza sekondari) wanatarajiwa mwaka 2027. Mada ikihama kutoka ngazi moja kwenda nyingine, unabadilisha lebo ya ngazi pekee. Lebo nyingine nne zinabaki. Lebo iliyounganishwa itabidi ivunjwe na kuandikwa upya mamia ya mara.

Kwa sababu hiyohiyo, usibandike lebo ya wiki wala ya muhula. Wiki ni mali ya azimio la kazi, na mwakani kalenda itakuwa nyingine.

Orodha kamili ya lebo ichapwe ukurasa mmoja, ibandikwe ukutani ofisini, na iwekwe pia kama alamisho ya kwanza ndani ya mkusanyiko. Mtu mmoja tu, mkuu wa idara au aliyemteua, ndiye anayeongeza lebo mpya.

Kwenye nafasi ya maelezo niandike nini?

Andika kile ambacho ungemwambia mwenzako anayeingia darasani baada ya dakika tano. "Nzuri sana" haimsaidii mtu. Mfano unaofaa, kwa simulesheni ya PhET ya kuunda saketi:

"Dakika 15, vikundi vya wanafunzi 4. Betri ya volti 9 na kikinzani cha omu 10: amita isome 0.90. Ongeza kikinzani cha pili cha omu 10 kwa mfululizo: isome 0.45. Waulize kabla ya kuongeza, si baada. Wengi watasema mkondo 'unaliwa' na kikinzani cha kwanza. Wawekee amita mbele na nyuma yake waone namba ni ileile. Kwenye simu ndogo waya ni vigumu kushika, tumia kompyuta."

Mistari michache, na mwenzako ana nusu ya andalio la somo. Chombo chenyewe hujaza kichwa na muhtasari wa ukurasa, mara nyingi kwa maneno ya matangazo ya tovuti. Futa hayo na uandike kichwa kinachoeleweka.

Vinaingiaje kwenye azimio la kazi na andalio la somo?

Unapoandaa azimio la kazi mwanzoni mwa muhula, tafuta mkusanyiko kwa lebo mbili, ngazi na mada. Kwenye Raindrop andika lebo zote mbili kwenye kisanduku cha kutafutia, kila moja ikiwa na alama ya # mbele, na matokeo yatakuwa yale yenye zote mbili. Kinachopatikana kinaingia safu ya zana au ya rejea. Usinakili kiungo kirefu kwa mkono kwenye karatasi. Andika jina la kifaa na lebo zake ("Simulesheni ya saketi: fiz, k2, saketi"). Mthibiti ubora wa shule akiuliza, unafungua papo hapo.

Mada isiyo na kitu chochote nayo imekupa habari: hapo ndipo pa kuelekeza utafutaji wa wiki hiyo, badala ya kuongeza video ya tisa ya mada mnayoipenda.

Kwenye andalio la kipindi cha dakika 40, kifaa kimoja cha mtandao kinatosha. Viwili ni kwa kipindi cha mkupuo cha dakika 80. Muda unaopotea haupotei kwenye kifaa chenyewe. Hupotea kwenye kuwasha projekta, kusubiri ukurasa ufunguke na kuwatuliza wanafunzi, na hilo hula dakika 5 hadi 8 kila unapobadilisha.

Shule haina intaneti, au bando ni la mfukoni mwangu. Kuna faida gani?

Ipo, kwa sababu kazi ya kutafuta hufanyika mara moja na mtu mmoja, kisha wengine wanapakua walichohakikishiwa kinafaa. Bila orodha, walimu watano wanateketeza bando tano wakitazama video zilezile mbovu.

Ujue hesabu ya video: inayotiririka kwa megabiti 1 kwa sekunde hula takriban MB 75 kwa dakika 10. Kwenye maelezo ya kila video andika urefu wake, na kama sehemu inayofaa ni dakika mbili tu, andika inaanzia wapi.

Simulesheni za PhET za kizazi cha sasa hupakuliwa kama faili moja la HTML linalofunguka kwenye kivinjari bila intaneti. Lipakue mjini, liweke kwenye fleshi, lipe jina kwa lebo zake: fiz-k2-saketi.html. Hapo lebo zilizounganishwa zinaruhusiwa, kwa sababu fleshi haina utafutaji wa lebo. Wikipedia nzima ya Kiswahili inaweza kusomwa bila mtandao kwa programu ya Kiwix, na shule yenye kompyuta moja na ruta inaweza kuweka Kolibri, mfumo unaowapa wanafunzi masomo kupitia Wi-Fi ya ndani pasipo intaneti. Ukurasa wa kawaida wa maandishi uhifadhi kama PDF kupitia amri ya kuchapisha.

Jaribu kila faili ukiwa umezima data kabla ya kuondoka mjini. Faili nyingi "zilizopakuliwa" ni njia ya mkato tu inayorudi mtandaoni.

Kiungo cha YouTube kinaleta nakala mbilimbili, na cha Google Drive kinasema sina ruhusa. Kwa nini?

Haya ni matatizo mawili tofauti.

YouTube, unapobofya Shiriki, huongeza mkia unaoanza na ?si= ili kufuatilia nani alishiriki. Mkia huo hutofautiana kila mara, kwa hiyo chombo huona viungo viwili tofauti kwa video ileile. Futa ?si= na kila kinachofuata kabla ya kuhifadhi. Fanya hivyo pia kwa mikia ya utm_ kwenye tovuti za habari. Lakini kwenye kiungo kirefu cha YouTube usiguse v= na herufi zinazoifuata; hicho ndicho kitambulisho cha video yenyewe. Kutaka video ianzie dakika ya 2 na sekunde 15, ongeza &t=135s mwishoni mwa kiungo kirefu, au ?t=135 kwenye kile kifupi cha youtu.be.

Google Drive kwa kawaida huanza na ruhusa ya mmiliki pekee. Aliyehifadhi anakifungua bila shida kwa sababu ni chake, wengine wanagonga ukuta, na anapata barua pepe 30 za kuombwa ruhusa katikati ya kipindi. Badilisha ruhusa iwe kwa yeyote mwenye kiungo, akiwa mtazamaji tu. Kisha fungua kiungo kwenye dirisha fiche. Kikifunguka humo, kitafunguka kwa wote. Kwa hati ya Google unayotaka kila mwalimu apate nakala yake, badilisha neno edit mwishoni mwa kiungo, na chochote kinacholifuata, kuwa copy. Hii inamlinda mwenzako asifute andalio lako kwa bahati mbaya.

Naweza kuhifadhi aya moja tu ndani ya ukurasa mrefu?

Ndiyo. Kwenye Chrome ya kompyuta, chagua maandishi, bofya kitufe cha kulia cha kipanya, na unakili kiungo cha sehemu uliyoichagua. Kiungo kitakuwa na #:~:text= ndani yake na kitamfikisha msomaji kwenye aya hiyo ikiwa na rangi. Maandishi ya ukurasa yakibadilishwa rangi haitatokea, lakini ukurasa utafunguka. Kwa PDF ndefu, ongeza #page=14 mwishoni mwa kiungo ili ifunguke ukurasa wa 14. Kwenye kivinjari cha kompyuta inafanya kazi. Kwenye simu si mara zote.

Viungo vinakufa. Tufanyeje?

Vinakufa kwa sababu za kawaida: tovuti imepangwa upya na faili za PDF zimehamishwa, jina la tovuti halikulipiwa, mwenye video ameifuta, au kiungo kilikuwa cha muda tangu mwanzo. Hii ya mwisho ni kosa la anayehifadhi: umenakili anwani ya matokeo ya utafutaji, au ya ukurasa ulioingia kwa nenosiri, na kesho anwani hiyo haina kitu.

Kwa ukurasa muhimu, siku unapouhifadhi nenda web.archive.org/save, bandika kiungo, na Wayback Machine ya Internet Archive itapiga nakala yenye tarehe. Weka kiungo cha nakala hiyo kwenye maelezo. Njia hii ni nzuri kwa maandishi na PDF, ila haitegemewi kwa simulesheni, video, wala kurasa za nenosiri. Kiungo kikiwa kimeshakufa, bandika anwani ya zamani kwenye Wayback Machine kabla ya kukata tamaa. Huenda mtu mwingine alishaipiga nakala.

Tuwape wanafunzi mkusanyiko wenyewe?

Hapana. Ndani yake kuna majibu, miongozo ya usahihishaji na maelezo ya wazi kuhusu wapi wanafunzi hukosea. Tengeneza mkusanyiko wa pili wa hadharani, wenye viungo 5 hadi 8 vya mada ya wiki, bila maelezo ya mwalimu, na uwape kiungo hicho. Angalia mara mbili kwamba uliofungua hadharani ni huo na si wa idara.

Majina ya wanafunzi, alama zao na picha zao zisiingie humo kabisa, hata kwenye mkusanyiko wa siri. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na taarifa za watoto ni jambo zito katika zote mbili. Wala mwanafunzi hahitaji kufungua akaunti ili asome orodha ya hadharani.

Haki miliki?

Kuhifadhi kiungo hakukiuki chochote, humnakili mtu. Kupakua kitabu kizima na kukisambaza kwa fleshi ni jambo jingine. Kifaa chenye leseni ya Creative Commons kipe lebo "huru", ili anayetaka kuchapa nakala 45 ajue yuko salama. Leseni yenye ND hairuhusu kusambaza tafsiri au nakala iliyobadilishwa, jambo linalowagusa wanaotaka kukiweka kifaa kwa Kiswahili.

Programu za akili bandia zikinipa viungo, nivihifadhi?

Baada ya kuvifungua kimoja kimoja. Programu hizo hutunga anwani zinazofanana kabisa na za kweli, zenye jina sahihi la tovuti na mwisho usiokuwepo. Lebo zinazopendekezwa na programu hizo nazo zipuuzeni, kwa sababu programu hazijui orodha yenu ya ukutani.

Walimu wawili tu ndio wanaochangia. Wengine tuwafanyeje?

Mara nyingi hawakatai. Hawana hatua ndogo ya kuanzia. Wekeni kiwango cha viungo 2 kwa mwalimu kwa wiki. Idara ya walimu 6 kwa wiki 12 itakuwa na viungo 144, vyenye maelezo, kwa muhula mmoja. Tengeni dakika 10 mwishoni mwa kikao cha idara kila mmoja ahifadhi viwili vyake hapohapo. Asiyependa kompyuta amwambie mwenzake kwa mdomo, mwenzake aandike. Maelezo ya mwalimu wa miaka 25 kazini yana thamani kuliko kiungo chenyewe.

Usafi ufanyike lini?

Mwisho wa muhula, saa moja. Unganisheni lebo zilizojirudia, fungueni viungo vya mada zinazokuja muhula unaofuata (si vyote), na futeni vilivyokufa. Kifaa kilichojaribiwa kikashindwa darasani msikifute. Kipeni lebo "haifai" na sababu kwa mstari mmoja, kwa mfano "sauti haisikiki darasa la wanafunzi 70". Ukikifuta, mwakani mtu atakikuta tena kwenye Google, akifurahie, na akihifadhi upya.

Mwalimu akihama shule, au chombo kikifungwa?

Mwalimu akihama, mwondoe kwenye orodha ya wenye kuhariri; viungo alivyoweka vinabaki kwa sababu mmiliki ni akaunti ya idara. Mpe nakala ya faili aende nayo, ni jasho lake pia. Kama mkusanyiko ulikuwa kwenye akaunti yake binafsi, toeni nakala kabla ya siku yake ya mwisho kazini, si baada ya kuaga.

Nakala itolewe kila mwisho wa muhula kwa miundo yote miwili. Faili la HTML lina muundo wa alamisho ulioachwa na kivinjari cha zamani cha Netscape, na karibu kila chombo huupokea. Hubeba viungo, mikusanyiko na mara nyingi lebo, ila mistari uliyoangazia huachwa nyuma. Faili la CSV hufunguka kwenye Excel likiwa na safu za kichwa, maelezo, kiungo na lebo, na hilo ndilo litakalookoa maelezo yenu. Yafungue yote mawili kabla ya kuyaweka kwenye fleshi na kwenye barua pepe ya idara, uhesabu mistari ya CSV, na ulinganishe na idadi ya alamisho inayoonyeshwa kwenye chombo. Namba zikitofautiana sana, mara nyingi umetoa mkusanyiko mmoja badala ya yote. Rudi kwenye mipangilio ya akaunti na utolee huko.